Betri ya kwantamu: usiuze mtamba bado

Kabla sijakusimulia habari za betri ya ajabu ambayo wanasayansi wa ng'ambo wanahangaika nayo siku hizi, yanipasa kwanza nikiri kosa langu. Mwezi wa Aprili mdogo wangu, ambaye ni mkulima huko Bahati, alinipigia simu saa tatu usiku. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota dhahabu. Ati kuna mfanyabiashara mmoja anayeuza sanduku la betri la "teknolojia ya kwantamu". Unalichaji kwa dakika tano tu, kisha linawasha taa tano za nyumba mwezi mzima. Bei yake shilingi 38,000. Yeye alikuwa na 23,000 baada ya kumuuza mtamba wake, akaniomba nimwongezee 15,000.

Nikamtumia papo hapo kwa simu, kijiko cha ugali kikiwa bado mkono wa pili. Sikumwuliza mtu yeyote. Na katika chumba cha pili cha nyumba hiyo hiyo, hapa Nakuru, alikuwa amelala binti yangu anayesomea fizikia mwaka wa nne katika Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro. Miaka minne nimelipa karo ili awepo mtu mmoja katika ukoo wetu wa kuulizwa maswali kama hayo, na siku swali lilipokuja sikumwamsha.

Labda utauliza, msomaji, mtu mzima mwenye mvi alidanganyikaje upesi hivyo? Jibu langu ni kwamba sisi wa Nakuru tuna udhaifu wetu, na udhaifu huo ni betri.

Baba yetu alifanya kazi katika kiwanda cha Eveready, kampuni iliyoandikishwa mwaka wa 1967 na ambayo kiwanda chake cha mawe ya tochi na redio kilikuwa hapa mjini. Jioni alikuwa akirudi na weusi kwenye kucha ambao sabuni ya kipande haikuuweza. Ulikuwa ni unga wa manganizi na kaboni. Jiwe la tochi ukilipasua, jambo tulilolifanya mara nyingi na kuchapwa mara nyingi, utakuta kopo la zinki, kijiti cha kaboni katikati, na unga huo mweusi uliolowekwa kwa chumvi kali. Basi. Volti moja na nusu. Mawe yakichoka tuliyaanika juu ya bati yapate joto, ili tuvune robo saa ya mwisho ya kabumbu kutoka Sauti ya Kenya.

Kisha ilikuwako betri ya jirani. Huyu alikuwa na televisheni ya nyeusi na nyeupe iliyotumia betri ya gari, na kila Jumamosi mimi na mdogo wangu tulipewa kazi ya kuifunga betri hiyo kwenye kiti cha baiskeli na kuipeleka mjini kuchajiwa. Tuliiacha asubuhi, tukaichukua jioni. Siku tuliyoharakisha kuichukua, picha ilianza kusinyaa kutoka pembeni mieleka ikiwa katikati, na watu kumi na watano waliojazana sebuleni wakatugeukia sisi wawili. Kaptula yangu ya shule ilitobolewa na asidi ya betri ile. Kwa hivyo mtu aliyekulia katika kungojea kutwa nzima betri ijae, ukimwambia "dakika tano", usishangae akimwuza mtamba.

Sanduku lilifika Bahati kwa pikipiki. Lilikuwa zuri, jeusi, limebandikwa karatasi ya kumetameta yenye picha ya atomu. Liliwaka usiku wa kwanza. Usiku wa pili likawaka hadi saa nne. Usiku wa tatu mdogo wangu akalichaji dakika tano, likawaka dakika tisa. Alipompigia muuzaji, simu ilikuwa imefungwa, na imefungwa hadi leo.

Jumapili iliyofuata tukaenda Bahati sote. Binti yangu hakuligusa sanduku kwanza. Aliomba kalamu ya risasi na karatasi, akaketi kwenye kigoda nje ya jiko, na nataka, msomaji, uifuate hesabu aliyoifanya maana ni hesabu ya darasa la saba, na laiti ningeifanya mimi usiku ule.

"Baba mdogo," alimwambia, "taa zako ni tano, za wati tano tano. Hizo ni wati 25. Unaziwasha saa sita kwa usiku, kwa hivyo unatumia wati-saa 150. Usiku 30 ni wati-saa 4,500. Tuko pamoja?"

"Tuko pamoja, mwanangu."

"Betri ya gari ya kawaida, ya volti 12 na ampea-saa 50, inashika wati-saa 600. Kwa hivyo ungehitaji kama nane. Sanduku hili lina ukubwa wa mkate. Na ukitaka kutia wati-saa 4,500 kwa dakika tano, ambayo ni sehemu ya kumi na mbili ya saa, lazima umeme uingie kwa nguvu ya wati 54,000. Soketi ya ukutani inatoa wati 3,000 na kidogo. Ungetaka soketi 17 zikimimina kwa pamoja, na waya wako huu ungeyeyuka."

Mdogo wangu aliutazama waya ule, mwembamba kama kamba ya kiatu. Halafu akaenda kuleta bisibisi. Ndani ya sanduku tulikuta betri ndogo ya pikipiki iliyokwisha kutumika, na mfuko wa mchanga wa kuongeza uzito. Mchanga wenyewe ulikuwa umechekechwa vizuri kabisa, nadhani ndicho kitu pekee kilichofanywa kwa uangalifu.

Hapo ndipo mdogo wangu alipotamka neno lililoniuma kuliko shilingi 15,000. Alimgeukia binti yangu akasema, "Kumbe hiyo kwantamu mnayosomea huko Njoro ni uwongo mtupu."

Naye msichana akasema hapana, Baba mdogo, betri ya kwantamu ipo. Ila si hii.

Msomaji, alitukalisha mpaka jua likaingia nyuma ya miti, na nitajaribu kukupa nilichokielewa.

Neno lenyewe lina umri mkubwa. Mwaka wa 1900 Mjerumani Max Planck alifikia hesabu iliyoonyesha kwamba nuru na joto haviendi kama maji ya mfereji bali kwa mafungu, mfano wa unga dukani unaouzwa kwa pakiti zilizofungwa, na muuzaji hakubali kukukatia nusu pakiti. Fungu hilo ndilo kwantamu. Baadaye ikadhihirika kwamba vitu vidogo sana kama atomu na elektroni vina tabia ambazo jiwe au ng'ombe hana. Mojawapo ni kwamba vinaweza kufungamana, vikatenda kama kitu kimoja ingawa ni vingi.

Betri tunazozijua, kuanzia jiwe la tochi la baba yetu hadi ile iliyo ndani ya simu yako, zote ni za kemia. Kitu kinageuka kuwa kitu kingine, na katika kugeuka kinatoa umeme. Ukiichaji unakirudisha kilipotoka, na safari hiyo ina mwendo wake; ukiiharakisha mno betri hupata moto na kuharibika. Mwaka wa 2013 wanafizikia wawili, Robert Alicki wa Poland na Mark Fannes wa Ubelgiji, waliuliza swali lililoonekana la mchezo: je, nishati ikihifadhiwa ndani ya vitu vidogo vya kwantamu vilivyofungamana, kutakuwa na faida yoyote? Kwao ilikuwa hesabu ya karatasi tu. Lakini wengine wakaishika, na mwaka wa 2018 kundi lililokuwa Italia likaonyesha, bado kwa karatasi, jambo lililomfanya mdogo wangu avute kigoda karibu.

Binti yangu alilieleza kwa ndoo. Una ndoo moja chini ya mfereji, inajaa kwa dakika kumi. Ukiwa na ndoo 100 na mifereji 100, zitajaa zote kwa dakika kumi zile zile, hakuna haraka iliyoongezeka. Sasa katika ulimwengu wa kwantamu, ndoo hizo 100 zikiwekwa pamoja na kufungamanishwa, zinajaa zote kwa dakika moja. Kadiri ndoo zinavyozidi ndivyo kila moja inavyojaa upesi. Betri kubwa inachajika haraka kuliko ndogo!

"Kama harambee," mdogo wangu akasema.

"Harambee isiyo na mtu wa kutega, Baba mdogo."

Je, imeonekana kwa macho? Imeonekana, kwa kadiri fulani. Mwezi wa Januari 2022 James Quach, wakati huo akiwa Chuo Kikuu cha Adelaide huko Australia, pamoja na wenzake wa Italia na Uingereza, walitangaza katika jarida la Science Advances kwamba walichukua molekuli za rangi, wakaziweka kati ya vioo viwili vilivyokaribiana sana, wakazimulika kwa leza. Molekuli zikanywa nuru kwa pamoja, na zilipoongezwa zikainywa upesi zaidi, kama hesabu ilivyotabiri. Ile haikuwa betri ya kuwashia kitu. Ilikuwa utando mwembamba usioonekana unene wake, na nishati iliyomo ni kidogo mno. Lakini harambee ya ndoo ilithibitishwa.

Hapa ndipo mimi nilipouliza swali la mtoto wa Eveready: inakaa na chaji muda gani?

Binti yangu akacheka. Akasema hilo ndilo swali lenyewe. Maana kitu kinachonywa nuru kwa pamoja hupenda pia kuitapika kwa pamoja. Chaji iliingia kama umeme wa radi na ikatoka vivyo hivyo, katika muda unaopimwa kwa sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Mwaka wa 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha RMIT na wa CSIRO, shirika la utafiti la taifa la Australia, wakaeleza jinsi walivyoifanya chaji hiyo idumu mara 1,000 zaidi kuliko awali, kwa kuihamishia katika hali ambayo molekuli haiwezi kuitoa kwa wepesi. Mara 1,000 ni maendeleo makubwa, nani abishe. Lakini fanya hesabu, msomaji: mara 1,000 ya kitu hicho inafika kwenye sekunde iliyogawanywa mara milioni. Kabla hujafumba jicho imekwisha zamani.

Mdogo wangu alikaa kimya. Kisha akasema polepole, "Kwa hivyo yangu ya mchanga ilidumu kuliko yao." Tulicheka sote, hata mama yao jikoni alicheka, ingawa nadhani yeye alicheka kwa ajili ya mtamba.

Sasa utauliza, kama ni hivyo, ya nini? Wataalamu wenyewe hawasemi kwamba kesho itawekwa kwenye gari. Wengi hutaja kwanza vitu vidogo ambavyo tayari viko katika ulimwengu huo wa atomu. Mfano ni kompyuta za kwantamu, ambazo sehemu zake huhitaji vipande vidogo mno vya nishati bila waya za kuingiza joto. Wapo wanaofikiria paneli za jua zitakazonywa nuru hafifu, za siku ya mawingu kama ya Molo mwezi wa Julai. Halafu, mbali sana huko, magari. Mwaka wa 2022 watafiti wa taasisi moja ya sayansi ya Korea Kusini walitoa hesabu kwamba gari la umeme lenye betri ya seli 200 hivi, ambalo nyumbani huchajiwa kwa saa kumi, lingeweza kuchajiwa kwa dakika tatu iwapo seli zote zingefungamanishwa na kuchajiwa kama kitu kimoja. Hilo "iwapo" ni kubwa kama Menengai.

Na hata "iwapo" hilo likiondolewa, kuna jambo ambalo sikulisikia likisemwa na wanaolisifu gari hilo la dakika tatu, nami nililipata kwa kuiga hesabu ya binti yangu nikiwa kitandani usiku ule. Chukua gari lenye betri ya kilowati-saa 60. Ukitaka kulijaza kwa dakika tatu, unahitaji umeme wa kilowati 1,200, yaani zaidi ya megawati moja, kwa gari moja. Mtambo wa kwanza wa mvuke uliofunguliwa kule Olkaria, karibu na Naivasha, mwaka wa 1981 ulikuwa wa megawati 15. Mtambo mzima, na mabomba yake yote na wahandisi wake wote, ungetosha magari 12 kwa wakati mmoja. Magari 12 si hata foleni ya kituo kimoja cha mafuta hapa Nakuru Ijumaa jioni. Betri ikiwa na mdomo mkubwa kiasi hicho, lazima awepo wa kuilisha.

Jirani na Olkaria, msomaji, ndiko ninakoona haja yetu wenyewe. Mvuke wa chini ya ardhi haulali. Sisi hulala. Ikifika saa nane za usiku viwanda vimezimwa na taa zimezimwa, mvuke ungali unapanda, na mitambo hulazimika kupunguzwa. Kisha jioni ya pili, kila mtu anapopika na kuwasha televisheni, nchi inatafuta umeme huku na huku. Tunachohitaji katika Bonde la Ufa ni ghala: kitu cha kupokea umeme saa nane za usiku na kuutoa saa moja jioni. Saa kumi na saba za kushika. Betri ya kwantamu leo haishiki hata kope. Nilipomwambia binti yangu hivyo, asubuhi tukinywa chai, nilidhani nimemshinda.

Akanijibu, "Ndiyo sababu nataka kuisomea, Baba. Ingekuwa imekwisha ningeisomea nini?"

Hapo sasa ndipo ulipo mjadala wa nyumbani kwetu, nao haujafungwa. Anataka kufanya shahada ya pili katika jambo hili, na anaandika maombi ya ufadhili wa ng'ambo. Mimi moyo wangu unasita. Nilikiona kiwanda cha betri kikilisha mtaa mzima. Baba alistaafu vizuri, alipewa saa ya ukutani ambayo bado inatembea. Lakini mwaka wa 2014 kiwanda kikafunga mitambo yake, kampuni ikaanza kuagiza betri zilizoundwa nje, maana za bei nafuu kutoka ng'ambo zilikuwa zimejaa sokoni na gharama ya kuziunda hapa ilikuwa imepanda. Watu nao walikuwa na simu zenye tochi na redio ndani yake. Mawe yalikosa mwenyewe. Leo Nakuru ni jiji, tulipewa hati mwezi wa Desemba 2021, na jiji hili haliundi tena hata jiwe moja la tochi pale. Kwa hivyo mtoto akiniambia atashika betri ambayo haijaundwa na mtu, nafikiria kucha za baba yangu, nafikiria pia karo.

Naye ana hoja zake. Anasema betri ya lithiamu iliyo ndani ya simu yangu ilianza maabarani miaka ya 1970, ikauzwa mara ya kwanza na Sony mwaka wa 1991, na waliohangaika nayo walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka wa 2019. Miongoni mwao mmoja, John Goodenough, alikuwa na umri wa miaka 97 alipoipokea. "Baba," ananiambia, "hakuna aliyemwambia asubiri iwe tayari." Mimi namwambia Goodenough hakuwa na baba wa kumlipia kodi ya nyumba Njoro. Hapo hucheka na kurudi kwenye karatasi zake.

Jumamosi iliyopita mdogo wangu alishuka kutoka Bahati na gunia la viazi. Sanduku lile, alitueleza, amelitoa betri na mchanga, akaliweka nyasi, na kuku mmoja ametagia humo mayai saba. Aliuliza maombi ya msichana yamefika wapi. Akaambiwa vyeti vinahitaji kugongwa mhuri wa wakili na kutumwa, na kuna ada ndogo ndogo. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa shilingi 2,000 zilizokunjwa ndani ya karatasi, na nilipoitazama karatasi nikaitambua picha ya atomu inayometameta.

"Chukua, mwanangu," akasema. "Na ukiitengeneza hiyo yenyewe, ya kwanza ni yangu. Lakini usiniuzie kwa simu."